PhD ya uongozi wa elimu ukiwa kazini: tafuta chuo kitakachokubana

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata huku Mbinga. Nina shahada ya uzamili, MED APPS (utawala, mipango na sera za elimu) ya Chuo Kikuu Huria, na sasa nataka PhD ya uongozi wa elimu bila kuacha kazi. Mtandaoni naona programu nyingi za masafa. Nyingine wanasema miaka miwili tu, huhudhurii popote, unaanza mwezi wowote. Nyingine si PhD, wanaita EdD, yaani udaktari wa elimu. Nahitaji iliyo nyepesi zaidi kwa ratiba yangu, maana nyumbani nina watoto watatu na shuleni wanafunzi zaidi ya mia sita. Nichague ipi? TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wataitambua? Na mkurugenzi wa halmashauri nimwambie, au nisome kimyakimya mpaka nimalize?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo na uzito wake haulingani, kwa hiyo usishangae nikikaa sana kwenye moja na kupita haraka kwenye jingine.

Niseme kwanza pale tunapotofautiana. Unatafuta programu itakayokuachia. Mimi nakushauri utafute itakayokubana. Nimekuwa nikisimamia wanafunzi wa uzamivu walio kazini, wakuu wa shule, maofisa elimu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, na wale wanaoishia njiani ni nadra kushindwa na ugumu wa masomo. Hunyamaza tu. Mtu anasajiliwa, anatuma rasimu ya pendekezo la utafiti, anarudishiwa ikiwa na maoni pembeni, anaahidi kuyafanyia kazi likizo ya Juni. Juni inapita. Ukija kumsikia tena anaandika barua ya kuomba kuongezewa muda wa usajili, na ada ya mwaka mwingine inamsubiri.

Tazama mwaka wako ulivyo. Januari unapokea kidato cha kwanza, na wasioripoti unatakiwa uwafuatilie na mtendaji wa kata. Katikati kuna wathibiti ubora, kuna wakaguzi wa hesabu, kuna michezo ya UMISSETA, kuna mtihani wa mock. Novemba ni mitihani ya taifa, kidato cha pili na cha nne. Juu ya hayo yote kuna FFARS ya hesabu za fedha, NeST ya manunuzi, SIS ya taarifa za shule na PEPMIS ya kupima utendaji wa watumishi, kila mfumo na nywila yake na mtu wake wa halmashauri anayepiga simu usipojaza. Vyote hivyo vina tarehe ya mwisho na vina bosi. Sura yako ya pili haina bosi. Kila wiki yenyewe ndiyo itakayosubiri, wala si kwa uvivu; ni kwa sababu unaifanya kazi yako ya ukuu wa shule sawasawa.

Ulipokuwa MED APPS hukuliona hili, kwa sababu kulikuwa na majaribio, mitihani na tarehe zilizobandikwa. PhD ya tasnifu haina jaribio la kwanza wala la pili. Kuna wewe, msimamizi, na siku ya utetezi ambayo hakuna aliyeiandika kwenye kalenda. Ndiyo maana nikisoma tangazo linalosema "anza upendapo, maliza kwa kasi yako", mimi nalisoma hivi: hakuna atakayekuuliza.

Kwa hiyo tenganisha mambo. Uhuru wa mahali unakufaa, usome ukiwa Mbinga. Uhuru wa saa unakufaa, uandike alfajiri kama ndipo unapopata utulivu. Uhuru wa tarehe ndio utakaokumaliza. Kabla ya kulipa chochote uliza kama kuna semina ambazo lazima uwasilishe kazi yako mbele ya wenzako, hata kwa Zoom. Uliza kama kuna taarifa ya maendeleo ya kila miezi sita inayosainiwa na msimamizi, na nini kinatokea isiposainiwa. Uliza kama utaanza na kundi au peke yako. Chuo kikikujibu kwa brosha yenye picha za watu wanaotabasamu na kompyuta mpakato, umeshapata jibu.

Sasa msimamizi. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwenye jina la chuo. Watu huchagua chuo kwanza, halafu wanapangiwa mtu, wewe geuza. Hazina ya tasnifu za Chuo Kikuu Huria iko wazi mtandaoni, na kila tasnifu ina ukurasa wa uthibitisho wenye jina la msimamizi. Chukua majina matatu manne ya watu wanaosimamia uongozi na utawala wa elimu, kisha soma kazi za wanafunzi wao. Usisome yote: soma tatizo la utafiti, soma mbinu, soma mahitimisho. Ukikuta tasnifu tano zinafanana kama mapacha, mtindo wa uongozi wa wakuu wa shule na ufaulu wa wanafunzi, dodoso lenye 1 hadi 5, wilaya tu ndiyo imebadilika, ujue huyo anapitisha watu lakini hatakufundisha kufikiri. Kazi zikitofautiana na kila moja ina hoja yake, huyo mwandikie.

Na unapomwandikia, usiombe "nafasi ya PhD". Mpe kurasa mbili: tatizo gani umeliona, nani ameshaliandika, nini hakijajulikana, na utakipataje. Mwishoni muulize kwa adabu ana wanafunzi wangapi sasa na wangapi wamehitimu. Swali hilo si utovu wa heshima, na msimamizi mzuri halikwepi. Mkishakubaliana, mzoeze barua pepe za namna hii:

"Mada: Sura ya 2, toleo la 3. Daktari, nimeambatanisha kurasa 14 hadi 22 tu, ndizo mpya. Maoni yako ya awali kuhusu nadharia nimeyafanyia kazi uk. 16. Swali langu ni moja: je, sehemu ya uk. 19 ibaki hapa au iende sura ya nne? Nitatuma zinazofuata tarehe 28."

Barua kama hiyo hujibiwa. Ile ya "Daktari naomba upitie kazi yangu", yenye kiambatanisho cha kurasa mia na ishirini, husubiri mpaka apate nafasi, na msimamizi mwenye wanafunzi kumi na vipindi hapati nafasi. Tarehe 28 umejipangia mwenyewe, lakini umeshaitamka mbele ya mtu, na hicho ndicho nilichokuwa nakisema kuhusu kubanwa.

Tuingie kwenye mada yenyewe, kwa sababu mtu aliye kazini ana kitu ambacho kijana wa chuoni hana: anaona tatizo likija kabla halijaandikwa popote. Nikupe mfano mmoja uufikirie. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, imeifanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu 2024 ndio wanaotangulia kumaliza la sita, mwaka 2027. Mwaka huohuo waliokuwa darasa la nne wanamaliza la saba. Maana yake Januari 2028 sekondari za kata zinapokea mikondo miwili ya umri kwa wakati mmoja: watoto wa la sita na wa la saba, mlango mmoja, kidato cha kwanza kimoja. Wewe utakuwa mlangoni. Mkuu wa shule anafanyaje maamuzi kabla ya wimbi hilo, anapogawa madarasa, anapowapanga walimu wa hisabati ambao hawatoshi hata sasa, anapokaa na bodi ya shule, na kiasi gani cha maamuzi hayo ni chake kweli na kiasi gani kimeshaamuliwa halmashauri? Hilo ni swali la uongozi wa elimu. Lina tarehe isiyohamishika, na hakuna aliyelijibu kwa sababu bado halijatokea. Linganisha na ile "athari za mtindo wa uongozi kwa ufaulu". Sisemi uchukue mfano wangu. Nasema mada yako itoke kwenye meza yako, si kwenye orodha ya mada zilizokwisha kufanywa.

Lakini meza hiyohiyo ina mtego. Wengi wenu huja na wazo la kufanyia utafiti shule mnayoiongoza, kwa sababu ni rahisi: walimu wapo, kumbukumbu zipo, nauli haihitajiki. Fikiria umempa mwalimu wako dodoso, kipengele cha saba kinasema "Mkuu wa shule hushirikisha walimu katika kupanga bajeti", naye achague 1 mpaka 5. Mwalimu huyo mwezi uliopita alikuomba ruhusa ya kwenda msibani, na mwezi ujao wewe ndiye utakayempima kwenye PEPMIS. Atazungushia 5. Wenzake nao watazungushia 5. Utapata wastani mzuri wa 4.8 ambao mtahini wa nje ataung'oa kwa swali moja. Hata ukisema dodoso halina jina, shule yenye walimu kumi na wanane mwandiko unajulikana.

Wala si suala la takwimu mbovu tu. Ridhaa ya mtu aliye chini yako si ridhaa kamili, na kamati ya maadili ya chuo chochote kinachojiheshimu italigusa hilo. Vilevile faili za wanafunzi na walimu unazishika kwa sababu ya cheo chako. Kuzifungua kama mtafiti ni jambo jingine, na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si suala la busara peke yake. Suluhisho lake si gumu. Chukua shule za wilaya jirani ambako huna mamlaka. Nyasa na Songea Vijijini hazijakutupa mkono. Au chunguza wakuu wenzako badala ya walimu wako, ukae nao kama mtu mnayefahamiana taabu. Mahojiano ya mkuu kwa mkuu, jioni, nje ya ofisi, hutoa mambo ambayo mtafiti wa kutoka Dar hatayapata hata akikaa mwezi. Ukitaka kubaki shuleni kwako basi iwe utafiti wa vitendo, ambao unakiri tangu mwanzo kwamba wewe ni sehemu ya kinachochunguzwa, na data ikusanywe na mtu mwingine. EdD nyingi zimejengwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo.

Nimeigusa EdD, niimalize. Si PhD ya daraja la pili. Harvard iliitoa mara ya kwanza mwaka 1921, na Uingereza ilianzia Bristol mwaka 1992. Kwa kawaida unaanza na kozi, mko kundi, kila kozi na kazi yake yenye tarehe, kisha unaandika tasnifu fupi kuliko ya PhD kuhusu tatizo la kazini kwako. Kwa hulka ya kubanwa niliyoieleza, EdD nzuri ya masafa inaweza kukufaa kuliko PhD ya kuachwa peke yako. Kikwazo kiko huku nyumbani. Matangazo ya uhadhiri huandika PhD, na ukienda na EdD utaanza usaili kwa kueleza ni nini. Kama unalenga uongozi, ofisi ya mkoa, wizara, uthibiti ubora, shirika linaloshughulika na elimu, EdD inatosha kabisa. Kama unalenga chuo kikuu, chukua PhD usijitafutie maelezo.

Kuhusu vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya 1992, unakijua, na kituo cha Ruvuma kiko Songea. Faida yake ambayo watu hawaioni mpaka wafike kwenye data ni barua ya kibali cha utafiti. Makamu Mkuu wa Chuo ana mamlaka ya kuitoa kwa niaba ya Serikali na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kila Katibu Tawala ameshaizoea. Aya yake ya kwanza inayosimulia sheria ya 1992 na hati ya 2005 wengine wameikariri. Ukiwa na barua hiyo unakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakupeleka wilayani, wilaya inakupeleka kwa mkurugenzi, halafu afisa elimu, halafu shuleni. UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilichoko Pretoria, inafundisha kwa masafa tangu 1946, ina uzoefu na wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika, na inakutaka upitishe pendekezo kwanza kabla ya kusajiliwa kuandika tasnifu, jambo ambalo mimi nalipenda kwa sababu linawachuja wasio tayari mapema kabla hawajalipa ada ya miaka mitatu. Ila ukiwa umesajiliwa nje, tarajia safari ya ziada ya kibali cha kukusanya data huku, na ada inayopanda kila shilingi inaposhuka. Vyuo vya kuhudhuria kama Dar es Salaam na Dodoma vina watu wazuri sana wa uongozi wa elimu. Ukipata msimamizi huko anayekubali ubaki kituoni kwako na kwenda chuoni kwa vipindi, usikimbilie neno "masafa". Mbinga hadi Dodoma kwa basi mara tatu kwa mwaka ni uchovu unaovumilika.

Sasa zile za miaka miwili, huhudhurii popote. Mfumo wa sifa za vyuo vikuu wa TCU unaweka shahada ya uzamivu ngazi ya 10, ya juu kabisa, na muda wake wa chini ni miaka mitatu. Tangazo la miaka miwili kwa mtu aliye kazini limeshajihukumu. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Axact, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, vyenye majina ya kizungu ya kuvutia, na vyombo vya ithibati vya kubuni vya kuvithibitisha vyuo hivyo. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuikumbuka: anayeuza vyeti huuza na ithibati. Kwa hiyo usiridhike na nembo iliyo chini ya tovuti. Nenda kwenye tovuti ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi husika wewe mwenyewe, tafuta jina la chuo, halafu waandikie TCU kabla hujalipa, ukitaja chuo, programu, na kwamba unasoma kwa masafa. Chuo kinaweza kuwa halali na programu hiyo ya mtandaoni ikawa haimo katika walivyoruhusiwa kufundisha. Majibu yao yahifadhi. Sihitaji kumkumbusha mtumishi wa umma uhakiki wa Aprili 2017, watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Ule ulikuwa wa vyeti vya sekondari na ualimu hasa, lakini utaratibu wa kufungua faili na kuuliza chuo kwa chuo upo na hautaondoka.

Karibu na vyeti vya kununua kuna kazi za kununua. Steshenari yoyote iliyo jirani na chuo ina kijana atakayekuambia "mama, lete topiki tu". Atakuandikia, tena Kiingereza kizuri kuliko chako. Utetezi ni saa mbili, na mtahini anauliza kwa nini umechagua shule kumi na mbili na si kumi. Huyo kijana hayupo ukumbini. Programu za akili bandia nazo zitakusaidia kunyoosha sentensi, lakini ukiziachia mapitio ya machapisho zitakuletea makala zisizowahi kuandikwa, na wasimamizi tumeanza kuwa na tabia ya kubofya kila rejeo.

Fedha nitazipita haraka. Ada iliyotangazwa ni ya miaka ya kawaida. Ulizia ada ya mwaka wa nne na wa tano, maana huko ndiko watu walio kazini hufika. Ongeza nauli na posho ya kukusanya data, mhariri wa lugha, kuchapa na kujalidi nakala, na gharama za makala za jarida ambazo vyuo vingi hudai kabla ya kuhitimu. Ufadhili wa masafa wa Jumuiya ya Madola ni wa shahada ya uzamili, usipoteze muda nao. Wa PhD unaoweza kukufaa ni ule wa kugawanya, unabaki umesajiliwa chuo cha nyumbani na kukaa Uingereza hadi miezi 12, na hapo utahitaji ruhusa ya masomo kweli.

Na usichukue mkopo wa benki ukitegemea PhD ikurudishie. Mshahara wako unapanda kwa madaraja ya muundo wa utumishi wa walimu, wala tasnifu haikurushi daraja. Ukiwazia kuhamia chuo kikuu, toa kwanza vyeti vyako vya zamani uviangalie: matangazo ya kazi za uhadhiri mara nyingi hudai GPA ya 3.5 au 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, na PhD haifuti GPA ya mtu aliyekuwa na miaka 23. Nimeona watu wamehitimu wakiwa na kofia kichwani ndipo wanagundua hilo. Kama hesabu hiyo haikubali, bado kuna sababu nzuri za kusoma, kuanzia ukufunzi wa ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo, mpaka ushauri wa sera, ila uzijue mapema.

Muda. Kwa mtu wa nafasi yako saa tisa kwa wiki zinawezekana: alfajiri mbili, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, na Jumamosi saa mbili mpaka saa saba mchana. Jumamosi usikae ofisini kwako. Mzazi mmoja akiona mlango uko wazi, asubuhi yote imekwisha. Omba chumba shule ya msingi jirani, au parokiani, mahali ambapo wewe si mkuu. Mzee wa nyumbani na watoto waambiwe siku na saa, si "mama anasoma" kwa ujumla. Data ipange Februari na Machi au Julai na Agosti. Novemba hakuna mkuu wa shule atakayekufungulia mlango, na wewe mwenyewe usingemfungulia mtu.

Amebaki mkurugenzi. Mwambie. Niache hata mambo ya uaminifu, nikupe sababu ya kiutendaji: siri hiyo haitavuka sura ya tatu. Siku unapoanza kukusanya data barua yako ya kibali itapita mezani kwake au kwa mkurugenzi mwenzake wa wilaya jirani, na wanaongea. Utakuwa umejiingiza kwenye maelezo ya kwa nini hukusema, wakati unachohitaji ni saini. Na ukimaliza utataka sifa hiyo iingie kwenye faili lako, na watauliza kibali cha kusoma kiko wapi. Wapo waliokwama hapo na cheti halali mkononi.

Barua yenyewe iwe fupi. Ipitie kwa afisa elimu sekondari. Eleza kwamba umedahiliwa (ambatanisha barua ya udahili), kwamba masomo ni ya masafa na huombi kuondoka kituoni, na kwamba siku za semina na za kukusanya data utazitoa kwenye likizo yako ya mwaka. Mtaje makamu mkuu atakayekaimu siku hizo, na hakikisha umeshazungumza naye kabla hajalisoma jina lake kwenye barua. Nakala iende kwa Katibu Msaidizi wa Tume ya Utumishi wa Walimu wa wilaya. Usiandike aya ndefu kuhusu jinsi halmashauri itakavyonufaika, wameshazisoma nyingi. Peleka nakala mbili masijala, moja ipokelewe, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo urudi nayo. Kibali kikichelewa, na mara nyingi huchelewa, hiyo yenye muhuri ndiyo utakayofuatilia nayo.